Kabla Useme Sayansi ni ya Wazungu, Shukia Ruiru

Kuna maneno nayasikia sana hapa Kiganjo. Kwa kinyozi, kwa steji ya boda, hata kwa wasee waliomaliza kampasi: hao watafiti ni wa kula pesa za wazungu tu. Wanakuja na fomu, wanakuuliza unakula nini na unalala na nani, wanaandika, wanaenda. Kurudi hawarudi. Sitaki kubishana na hiyo hisia. Nataka kuonyesha imetoka wapi, maana haikuanza na korona wala TikTok. Na ushahidi hauko mbali. Ni mwendo wa matatu moja kutoka Thika, pale Ruiru, kwa kituo cha utafiti wa kahawa ambacho wengi wetu hukipita tukiwa tumeinamia simu.

(Na kabla mtu aniulize: mimi niliacha chuo. Sina digrii ya kutetea wala profesa wa kumfurahisha. Mambo ya kahawa ndiyo yameninasa tu.)

Tuanzie nyuma kidogo. Kahawa iliingia Kenya na wamisionari Wafaransa, kule Bura, Taita, mwaka 1893. Ilipofika upande huu wa Kiambu ikapenda udongo mwekundu na baridi yetu, na kwa muda mfupi ikawa mmea wa settla. Wazee wetu waliipalilia, waliichuma, walibeba magunia. Kitu kimoja tu hawakuruhusiwa: kupanda mti wao wenyewe.

Sasa sikiza sababu zilizotolewa. Settla hakusimama hadharani aseme anataka vibarua wa bei rahisi na hataki ushindani, ingawa hiyo ndiyo ilikuwa hesabu. Alisema Mwafrika hataweza kulinda ubora. Alisema kashamba ka Mwafrika katakuwa kiota cha magonjwa, na magonjwa yataruka ua yaingie estate. Unaona hiyo ujanja? Ni ubaguzi umevaa koti jeupe la maabara. Kwa hivyo mara ya kwanza mkulima wa hapa kusikia maneno ya kitaalamu kuhusu kahawa, maneno hayo yalikuwa yanamnyima kahawa.

Katikati ya miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikalegeza kamba, lakini Kisii, Meru na Embu, mbali na mashamba makubwa ya wazungu, na mtu alianza kwa kuwekewa kipimo cha miti 100. Kiambu na Murang'a, penye kahawa ya settla ilikuwa imejaa, watu waliendelea kungoja hadi miaka ya 1950. Mpango wa Swynnerton ulipokuja 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, ndipo mlango ukafunguka sawasawa, na hata hapo nia ilikuwa kupoza siasa.

Hebu uangalie mwaka 1922. Machi mwaka huo Harry Thuku alikamatwa Nairobi, watu wakakusanyika kumdai, wakapigwa risasi. Mwaka huohuo, magharibi mwa Kenya, ugonjwa mpya wa kahawa ulionekana kwa mara ya kwanza duniani. Hizo habari mbili hazihusiani, najua. Ila Thuku huyo alipotoka kizuizini alikuja kuwa mkulima wa kahawa, mmoja wa Waafrika wa kwanza Kiambu kuruhusiwa kuilima, na mwishowe akaketi kwenye bodi ya chama cha wakulima wa kahawa. Na ule ugonjwa ukamsubiri yeye na wenzake wote.

Wakulima wanauita CBD. Sio ile ya Nairobi yenye kanjo na parking. Hii ni kuvu inayoshambulia matunda yakiwa bado ya kijani. Tunda linaanza na kidoa cheusi kama limechomwa na sigara, kidoa kinaingia ndani, tunda linaoza au linakauka kwa mti. Majani yanabaki mazuri kabisa. Unaangalia shamba kutoka barabarani unaona limependeza, kumbe hakuna kitu. Ukiiacha bila dawa mwaka wa mvua nyingi, inaweza kumeza hata asilimia 80 ya mazao.

Na kahawa iliyokuwa imepandwa kila mahali haikuwa na kinga. Hapa lazima nitoe heshima kwa upande mwingine, kwa sababu kulikuwa na sayansi ya kweli ikiendelea hata wakati wa ukoloni. Maabara ya Scott pale Kabete, miaka ya 1930, walichagua miti mmoja mmoja na kuipa nambari. SL28, ambayo leo wanywaji wa kahawa Tokyo na Oslo wanailipia vizuri, ni ya pale. Herufi SL ni za jina la maabara. Mti wake wa asili ulitoka Tanganyika, ukachaguliwa kwa kuvumilia kiangazi. Ladha yake ndiyo iliyoipa kahawa ya Kenya jina. Lakini mbele ya CBD, SL28 ni kama mtu amesimama kwa mvua bila mwavuli.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mvua zikashuka vibaya na CBD ikapiga mashamba mpaka nchi ikashtuka. Jibu lililokuwepo lilikuwa dawa, hasa ya kopa. Unapiga, mvua inaosha, unarudia. Mwaka mzima unabeba pampu mgongoni. Kwa mkulima mdogo, gharama ya kupigana na magonjwa inaweza kufika karibu asilimia 30 ya gharama zote za kulima kahawa. Mwenye estate ana trekta na mkopo wa benki. Mama wa Gatundu mwenye miti 200 ana nini?

Kwa hivyo mwaka 1971, watafiti wa Ruiru wakaanza kutengeneza mti mpya.

Nataka ukae hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo kazi hatuioni. Mti wa kahawa sio mahindi, upande Machi uvune Agosti. Ukivuka mbegu mbili leo, unangoja tunda liive, unaotesha, unaweka kwa kitalu, unapanda shambani, unangoja miaka miwili au mitatu uone tunda la kwanza. Halafu ndiyo unajua kama ulikosea. Unaanza tena. Walitafuta kinga kwa jamii za kahawa kutoka mbali: moja ya Sudan upande wa milima ya Boma, nyingine chotara iliyogunduliwa kisiwa cha Timor. Walichanganya hizo na ladha ya SL28 na SL34 zetu. Upande wa mama walitumia kahawa fupi inayoitwa Catimor, iliyotoka Colombia.

Wakaitoa 1985. Ruiru 11. Miaka 14.

Fikiria kilichopita nchini ndani ya hiyo miaka 14. Brazil ilipigwa na baridi kali 1975, bei ya kahawa ikapaa, watu wakatajirika na magendo ya Chepkube. Kenyatta akafa. Moi akaingia. Mapinduzi yakajaribiwa 1982 yakashindwa. Na wakati huo wote kuna mtu Ruiru amevaa gumboot anahesabu vidoa vyeusi kwa matunda, anaandika kwa daftari. Hakuna kamera. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeacha mwaka wa pili, na mnajua siongei tu.

Basi mti ukatoka. Haushikwi na CBD, haushikwi na kutu ya majani, ni mfupi hivyo ekari moja inabeba miti mingi zaidi. Kwa hekta moja unaweka kama miti 2,500, ambapo SL za zamani ni kama 1,330. Ungedhani watu walipanga laini.

Wengine walipanga. Wengi walikataa.

Cucu wangu ni mmoja wa waliokataa. Yeye huniita "mzee" kwa sababu nina jina la mume wake, kwa hivyo hata akinigombeza ni kwa heshima. Nilipomuuliza mbona hakupanda Ruiru 11 alinijibu, "Mzee, hao watu walituambia tupande, halafu nani alinunua?" Nikamwambia lakini haikuwa inataka dawa. Akasema, "Dawa sikuwa na shida nayo. Shida yangu ilikuwa pesa ya sosaiti."

Hilo jibu lilinichukua muda kulielewa. Cucu hakuwa anabisha kuhusu kuvu. Alikuwa anaongea juu ya kila kitu kilichokuja na ule mti.

Kwanza mbegu zenyewe. Ruiru 11 ni chotara, na ukichukua mbegu ya shambani kwako upande, watoto hawafanani na mzazi. Lazima mbegu itengenezwe Ruiru, kwa mkono. Mtu anafungua ua ambalo halijachanua, anatoa sehemu za kiume, anafunika, halafu analeta poleni ya mti mwingine. Kahawa huchanua baada ya mvua, na maua yanakaa siku chache tu. Kwa hivyo kuna dirisha dogo, watu wanakimbizana na maua. Mbegu hazikutosha hata siku moja. Unamwambia mkulima "hii ndiyo dawa ya shida zako" halafu unamwambia apange foleni. Mtu akisubiri sana anaanza kuuliza ni nani anahudumiwa kwa mlango wa nyuma.

Pili, ladha. Wanunuzi wakaanza kusema kikombe cha Ruiru 11 hakifiki cha SL28. Watafiti wakalinganisha, waonjaji wakaonja, wakasema tofauti ni ndogo. Lakini soko halisomi ripoti. Uvumi wa mnunuzi mmoja ulikuwa na nguvu kuliko majaribio ya miaka. Pia mizizi yake haikuwa mirefu, na kiangazi kikija mkulima anaona kwa macho yake mti mpya unanyauka kabla ya ule wa zamani.

Tatu, na hapa ndipo cucu alikuwa anagonga, mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ukavunjika. Bei ikaanguka. Sosaiti nyingi zilikuwa zimejaa wizi, malipo yanakuja baada ya miezi, na yakikuja yamekatwa hadi yamebaki ya chumvi. Na huwezi kung'oa, kwa sababu sheria ilikataza kung'oa kahawa bila ruhusa. Watu wakapanda maharagwe katikati ya miti wakaiacha ife yenyewe. Kenya ilikuwa inatoa karibu tani 130,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka hii ya karibuni tunacheza na tani 50,000 hivi, wakati mwingine chini.

Sasa mtu akikwambia wakulima walikataa sayansi kwa sababu ya ushamba, mwambie hapana. Walikuwa wanasoma rekodi ya watu waliowaletea hiyo sayansi. Serikali iliyosema "panda hii" ndiyo ilikuwa imesema "usipande kabisa", kisha "using'oe". Mtafiti mwenyewe labda hakuwa na makosa. Lakini alifika akiwa kwa gari la serikali, na watu waliangalia gari.

Kitu kinachonifurahisha ni kilichofuata. Ruiru hawakuandika makala za kulalamika kwamba watu ni wajinga. Walirudi shambani. Mwaka 2010, miaka 25 baada ya Ruiru 11, wakatoa Batian, jina la kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Batian inastahimili CBD na kutu, ni mti mrefu, mizizi yake inashuka, ladha yake imekaribia zaidi SL, na mbegu yake haihitaji kuchavushwa kwa mkono kama ya Ruiru 11, hivyo ni rahisi kuizidisha. Angalia hiyo orodha tena. Ni kama mtu amekaa na cucu na wenzake akaandika kila malalamiko, ukitoa moja tu, ile ya sosaiti. Hiyo haitibiwi na mbegu.

Nimesema mtafiti anafika kwa gari la serikali. Kuna mara moja gari lilimwendesha yeye. Mwaka 1990, taasisi ya KEMRI ikatangaza dawa ya ukimwi, KEMRON, chini ya mkurugenzi wake Davy Koech. Ilikuwa vidonge vyenye kipimo kidogo cha interferoni. Rais Moi mwenyewe akaizindua. Wakati huo ukimwi hauna dawa, watu wanazikwa kila Jumamosi, na Mwafrika ameonyesha dunia! Watu walitoka hadi Marekani kuitafuta. Halafu majaribio mengine yakafanywa, yakiwemo ya Shirika la Afya Duniani na mengine Uganda, na faida haikuonekana.

Kila mtu hucheka KEMRON leo. Mimi naona ni ya kusikitisha, na sio kwa sababu jaribio lilifeli. Majaribio hufeli kila wiki, hiyo ndiyo kazi. Shida ni kwamba matokeo ya mapema yaligeuzwa sherehe ya taifa kabla watu wengine hawajapata nafasi ya kuyarudia. Ukishazindua na rais, utamwambia nani uliharakisha? Linganisha na Ruiru 11, ambayo ilichukua miaka 14 na bado ilifanya kazi hasa kama walivyosema kuhusu ugonjwa. Moja ilipewa makofi bila kustahili, nyingine ikastahili ikakosa. Mtu wa mtaani hana njia ya kujua ni ipi ni ipi, kwa sababu zote zinatangazwa na sauti ileile ya redio.

Kuna mahali wamejaribu njia tofauti. Kilifi, penye KEMRI na wenzake kutoka Uingereza wamekuwa tangu 1989 wakitafiti malaria na magonjwa ya watoto, uvumi ulikuwa mzito: hao wanakusanya damu, wanauza damu, ni mambo ya shetani. Wangeweza kupuuza. Badala yake waliweka wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wa kukutana na watafiti na kuuliza: mbona damu ya mtoto mzima? Mnachukua ngapi? Inaenda wapi? Na watafiti wakaanza kuchunguza huo uvumi wenyewe kama kitu cha maana. Waligundua kwamba chini ya hadithi ya shetani mara nyingi kuna swali la kawaida sana ambalo hakuna mtu alijibu. Uvumi haujaisha. Lakini sasa mtu ana mahali pa kuupeleka.

Tuje kwa pesa, maana hapa ndipo sisi tunaingia.

Kituo cha Ruiru kwa miaka mingi kiliendeshwa na makato kutoka kahawa ya mkulima. Yaani cucu, hata akiwa amekataa kupanda Ruiru 11, alikuwa ameilipia. Sheria ya 2013 ikaunganisha taasisi za utafiti wa kilimo kuwa KALRO, na kahawa ikawa mtoto mmoja kati ya wengi wanaongoja sahani moja kutoka Hazina. Mwaka huohuo sheria nyingine, ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ikasema hazina ya taifa ya utafiti itapewa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Asilimia mbili! Hatujawahi hata kukaribia. Matumizi yote ya utafiti Kenya, ukijumlisha na ya wafadhili, yamekuwa chini ya asilimia 1.

Kwa hivyo pengo linajazwa na wageni, na mgeni akiamka vibaya anaenda na sufuria. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa. Miradi ya afya hapa Kenya ilisimama katikati, watu wakaambiwa wasije kazini. Sasa fikiria wewe ni mgonjwa uliyeshawishiwa miaka miwili ujiunge na utafiti. Umetoa damu, umejibu maswali, umemtetea yule daktari kwa majirani. Siku moja unafika kliniki unapata kufuli. Nani atakushawishi tena? Ile sentensi ya kinyozi, "kurudi hawarudi", imepata ushahidi mpya, na safari hii mtafiti mwenyewe pia alifungiwa nje.

Ndio maana mimi sikubaliani na wanaosema vijana wafundishwe tu "kuamini sayansi". Kuamini ni kwa kanisa. Mwaka 2024 hatukuombwa tuamini Mswada wa Fedha. Tuliusoma. Watu waliufafanua kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Dholuo, kifungu kwa kifungu, kwa video za dakika mbili, na Juni 25 kila mtu aliyekuwa barabarani alijua anapinga nini. Tulionyesha tunaweza kusoma hati ya kuchosha ikitugusa. Mstari wa utafiti uko kwa kitabu hichohicho cha bajeti na sijaona video hata moja inayouuliza zile asilimia 2 ziko wapi. Mimi pia nimeanza kuufuatilia juzi tu, na nitawaletea nilichopata.

Na mambo hayangoji. Mvua haifuati tena kalenda ya cucu. Estate za kahawa kati ya hapa na Nairobi zinageuka ploti na mageti. Tatu City yenyewe imekaa juu ya shamba la kahawa. Magonjwa nayo hubadilika, na mti usioshikwa leo unaweza kushikwa kesho, kwa hivyo lazima kuwe na mwingine jikoni. Bajeti ya nchi inasomwa kila Juni. Ua litakalochavushwa Ruiru mvua hii litakuwa tunda bivu baada ya miezi kama 8 au 9, litaingia kitalu, litapandwa, na tunda lake la kwanza la kuhesabiwa vidoa litaonekana baada ya kama miaka 4, bajeti nne zikiwa zimesomwa na pengine rais mwingine ameapishwa.